Mwenye Akaunti Ndiye Mwenye Nywila

(Mazungumzo kwa wakazi katika baraza la wadi)



Kila mwaka, tarehe 30 Juni inapokaribia, saiba hujaa watu wanaokuja kujaza ritani za ushuru. Wengi hufika na kitambulisho na simu tu. Mhudumu huwafungulia baruapepe, huwachagulia nywila na kuwaandikia nyuma ya karatasi. Mwaka unaofuata karatasi imepotea, na anayeikumbuka nywila, kama yupo, ni mhudumu yule.

Mhudumu anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini leo akaunti ya eCitizen ndiyo njia ya kuombea pasipoti, leseni ya udereva na usajili wa biashara. Fundi aliyeweka mlango hakabidhiwi ufunguo wa nyumba akae nao.

Kwa hivyo, jambo la kwanza: mwananchi aandike nywila yake kwa mkono wake. Asiyejua kompyuta aje na mtu wa nyumbani anayemwamini. Aliyewekewa nywila na mtu mwingine aibadilishe, akianza na ya baruapepe. Mtu akisahau nywila ya huduma nyingine, mara nyingi njia ya kuweka mpya hutumwa kwenye baruapepe. Mwizi akiingia hapo, ameshika funguo za milango mingine.

Jambo la pili ni urefu. Wengi hudhani kuweka @ mahali pa herufi a kunatosha. Programu za wezi zinaujua mchezo huo. Mwaka 2017, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliacha kupendekeza watu walazimishwe kuchanganya alama au kubadilisha nywila kila baada ya muda bila sababu. Ilisisitiza urefu. Nywila ya herufi ndogo 8 zilizochaguliwa bila mpangilio ina michanganyiko takriban bilioni 209. Kila herufi inayoongezwa huzidisha kazi ya mwizi mara 26.

Njia rahisi ni kufungua kamusi bila kuchagua ukurasa, kuweka kidole na kuchukua neno, mara tano. Yakitoka kikapu, ngamia, jiko, radi na ufunguo, hiyo ni nywila ndefu inayokumbukika. Mfano huu usitumiwe, kwa kuwa umeshatangazwa. Methali pia isitumiwe, maana kila mtu anaijua. Jina la mtoto, nambari ya simu na timu ya mpira ni mambo ambayo jirani anaweza kuyakisia.

Jambo la tatu: kila akaunti na nywila yake. Mwaka 2009, kampuni ya RockYou ya Marekani iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32. Iliyotumiwa na watu wengi zaidi ilikuwa 123456. Wezi huchukua nywila zilizovuja pahali pamoja na kuzijaribu kwingine. Anayeogopa kusahau aziandike kwenye daftari na kulifungia nyumbani. Hilo ni salama kuliko kutumia nywila moja kila mahali.

Pini ya M-Pesa ina tarakimu nne, yaani michanganyiko 10,000. Lakini anayetumia mwaka wa kuzaliwa ameipunguza hadi chini ya 100. Tena mkoba ukiibwa, simu na kitambulisho huenda pamoja, na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa hapo.

Mwisho, nywila nzuri haimlindi anayeitaja. Akipiga mtu akidai anatoka benki, kampuni ya simu au ofisi ya serikali, kisha aombe pini au nambari iliyotumwa kwa ujumbe, mwananchi akate simu. Nambari ile ni kufuli la pili, na palipo na nafasi ya kuliwasha kwenye akaunti, liwashwe.

Kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018. Aliyeingiliwa abadilishe nywila mara moja, aarifu benki au kampuni ya simu, kisha apige ripoti kituo cha polisi. Asinyamaze kwa aibu. Kila saa inayopita ni nafasi ya mwizi.