Vidonda Mdomoni mwa Mbwa: Tazama kwa Macho, Si kwa Mkono

Leo tunazungumza juu ya mbwa, na juu ya watu wanaoishi naye.

Kambini mbwa ana kazi yake. Analinda nyumba usiku, na mchana watoto wanacheza naye. Siku akionekana ana vipele au vidonda mdomoni, majirani hugawanyika. Huyu anasema, "Ni upele tu." Yule anasema, "Ana kichaa, auawe!" Tuangalie mambo moja baada ya jingine.

Kwanza, chunjua. Mbwa mdogo anaweza kuota vinundu vya kukwaruza kwenye midomo, fizi hata ulimi. Huletwa na virusi vya mbwa, na haviambukizi watu. Mara nyingi huisha vyenyewe baada ya miezi michache. Usivikate wala kuvichoma. Mpe chakula katika chombo chake peke yake, asiwaambukize mbwa wengine.

Pili, vijipu vya usaha kidevuni, au majeraha ya mikebe na mifupa kwa mbwa anayetafuta chakula jalalani. Jeraha likivimba au likinuka, mwite daktari wa mifugo.

Tatu, upele. Huletwa na utitiri, wadudu wadogo mno wanaochimba ngozi. Mbwa hujikuna usiku na mchana, manyoya hunyonyoka, na magamba hutokea masikioni, viwikoni, tumboni na usoni. Upele huu unaweza kumwasha mtu pia. Wadudu hawa hawadumu kwenye ngozi ya mtu, lakini mbwa asipotibiwa mwasho utarudi. Kwa hiyo atibiwe, na asilale kwenye mkeka wa watoto.

Wako wanaompaka mbwa oili chafu ya gari, au dawa kali ya kuogeshea ng'ombe. Tafadhali, acheni. Mbwa hujilamba, na sumu huingia tumboni.

Sasa tuje kwenye kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu hautambuliwi kwa kutazama ngozi. Mbwa mwenye vidonda vingi anaweza kuwa hana kichaa, na mwenye ngozi safi akawa nacho. Tazama mwenendo wake. Mbwa mpole amekuwa mkali? Mkali amekuwa mnyonge? Sauti imebadilika? Anayumba? Taya la chini limelegea, mate yanamtoka, hawezi kumeza?

Hapo ndipo penye hatari, msikilizaji. Mbwa wa namna hiyo huonekana kama amekwamwa na mfupa. Mwenye huruma anamfungua mdomo, anaingiza mkono atoe mfupa ambao haupo. Virusi vya kichaa vimo katika mate. Mkwaruzo mdogo wa jino unatosha, au mate kugusa kidonda kilichopo mkononi.

Shirika la Afya Duniani linasema karibu watu wote wanaopata kichaa huambukizwa na mbwa, na karibu wanne kati ya kila kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili kuna nafasi ya kuokoka, nayo huanzia kwenye maji na sabuni.

Ukiumwa au ukikwaruzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tunajua maji ni ya kupanga foleni. Hata hivyo, jeraha hili linastahili dumu zima. Mate yakiingia machoni, suuza kwa maji mengi safi. Usipake pilipili, majivu wala mafuta. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, ueleze kwamba ni mbwa. Ikiwa chanjo haipo hapo, omba rufaa ya mahali ilipo. Ukianza sindano, zimalize zote, hata kama jeraha limepona. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Na mbwa je? Usimfukuze kwa mawe, akakimbia na kuuma wengine. Waondoe watoto, kisha mjulishe kiongozi wa bloku na afisa mifugo. Kama anaweza kufungiwa bila kuguswa, aangaliwe kwa siku 10. Na kampeni ya chanjo ya mbwa ikitangazwa, mpeleke wako, na umpeleke tena kila mwaka.

Basi jioni ya leo, mkikaa kula, waambieni watoto mambo mawili. Mbwa mwenye kidonda mdomoni haguswi. Na mtoto aliyeumwa aseme mara moja, hatapigwa. Watoto wengi hunyamaza kwa kuogopa fimbo, na ukimya huo unaweza kuwagharimu maisha.