Nani Atamlipa Mwenye Nyumba ya Wageni?

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika na wafadhili



Nimeombwa niseme juu ya gharama za kuwapokea watu waliokimbia maafa. Katika Luka 10, Msamaria alimpa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kulipa ziada atakaporudi. Msamaria tumemhubiri sana. Leo tumtazame huyu aliyebaki na mgonjwa pamoja na gharama.

Mwishoni mwa Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipiga kusini mwa Marekani. Kuta za kuzuia maji zilibomoka, na takriban asilimia 80 ya mji wa New Orleans ikafunikwa. Mji wa Houston, katika jimbo jirani la Texas, ulipokea watu wengi mno. Uwanja wa Astrodome ukageuzwa malazi, na maelfu wakaletwa kwa mabasi. Baadaye mji, chini ya Meya Bill White, ulizipangishia familia nyumba zaidi ya 30,000.

Fedha zilitoka wapi? Mji ulitanguliza, na serikali kuu, kupitia idara yake ya maafa iitwayo FEMA, ikaahidi kurejesha. Sheria ya Stafford ya mwaka 1988 inaruhusu hivyo. Lakini Novemba 2005 FEMA ilitangaza kwamba malipo ya hoteli yangekoma tarehe 1 Desemba. Miji na majimbo yalilalamika, tarehe ikasogezwa mbele. Katika kipindi hicho, familia zilizokwisha kupoteza nyumba hazikujua zingelala wapi mwezi unaofuata. Ahadi ya mlipaji ikiyumba, anayeumia kwanza ni mgeni.

Na makanisa je? Mengi yalifungua milango yao usiku ule ule. Septemba 2005 FEMA ilitangaza kwamba nayo yangeweza kurejeshewa gharama, kwa sharti kwamba yaliombwa na jimbo au serikali ya mtaa kutoa malazi, chakula au matibabu. Aliyefungua bila kuombwa hakuhesabiwa, hata kama alilisha watu wengi. Baadhi ya viongozi wa makanisa walisema hawatapokea fedha hizo, maana huduma yao ni sadaka. Wengine waliona kwamba usharika mdogo uliomaliza akiba yake unastahili kusaidiwa.

Ndugu zangu, mambo haya hayako mbali nasi. Desemba 2023, maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh wilayani Hanang, waathirika walihifadhiwa katika shule. Sheria yetu ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia mkoa hadi kijiji. Kamati ya usharika isiyojulikana kwa kamati ya kijiji itakuja kukumbukwa baadaye, wakati unga umekwisha.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu.

Kwanza, kila usharika ujitambulishe kwa serikali ya kijiji au mtaa mapema, kwa barua: tuna ukumbi, tuna kisima, tunaweza kupokea watu kadhaa.

Pili, siku ya maafa mpokeeni mgeni kwanza. Asigeuzwe mtu mlangoni kwa sababu barua haijafika. Lakini jioni ile ile Mtunza Hazina afungue daftari: idadi ya watu, magunia, kuni, dawa, na stakabadhi zote. Kumbukumbu hiyo itatumika mkiomba msaada serikalini, dayosisini au kwa wafadhili.

Tatu, wafadhili wapendwa, tunawashukuru kwa mablanketi na unga. Tunaomba pia mfikirie mfuko mdogo wa kurejesha gharama kwa usharika uliopokea. Wengi humtumia msaada aliyeanguka njiani. Wachache humkumbuka aliyempa kitanda.

Msamaria alitoa dinari mbili kabla ya kuondoka, ndipo akaahidi zilizobaki. Nasi tufanye hivyo: tutangulize kidogo, na tulipe tulichoahidi.