Aachaye Pombe Asiachwe Peke Yake



Tumeombwa kusema juu ya ndugu zetu waliokwisha kuacha pombe, wala si juu ya walevi. Maana juu ya walevi kila mtu husema.

Kwanza twatoa tahadhari. Mtu aliyekunywa chang'aa kila siku kwa miaka mingi haifai kumkataza ghafula na kumfungia nyumbani. Katika siku mbili tatu za kwanza aweza kutetemeka, kupatwa na kifafa, kuona visivyokuwapo, hata kufa. Hapana budi apelekwe hospitali, aachishwe mbele ya waganga.

Lakini waganga watamrudisha kwetu, kwa marafiki wale wale na njia ile ile ipitayo penye busaa. Saa yake ya hatari ni jioni, na siku ya mshahara, na siku aliyouza mbuzi. Katika saa hizo yafaa awe na mwenzi, hasa mtu aliyewahi kunywa akaacha. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wao daktari, walianza kutegemezana hivyo, na chama kilichotokana nao kimeenea duniani. Nasi tunao mti wa wazee, ambapo mtu aweza kukaa na watu hata usiku uingie bila kununua kitu. (Habari ya tumbaku tumewaachia wazee kwa sasa.)

Huko Kakuma, penye kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, wako waachao pombe wasio na mjomba wala shemeji karibu. Hao tusiwaulize kabila. Wapewe mwenzi kama wengine.

Liko jambo gumu zaidi. Mara nyingine mpishi wa busaa ndiye mke wa huyo anayeacha, na karo ya watoto imo chunguni. Kumwaga chungu ni kazi ya dakika moja, lakini karo italipwa na nani? Kwa hiyo twaomba sehemu ya mfuko wa chama wakopeshwe mama hawa, wapate mtaji wa kuuza samaki wa Ziwa Turkana au kusuka vikapu vya mkoma.

Na ndugu akianguka tena, jina lake lisifutwe daftarini.

Walio tayari kuwa wenzi wa jioni, kumi Lodwar na kumi Kakuma, wampe katibu majina yao leo kabla ya chakula.