Sheria ya mitego isimukamate mudogo peke yake

Hotuba mbele ya vijana wa Bunia



Angalieni nembo ya inchi yetu, ile iko kwenye karatasi za serikali. Katikati kuna kichwa cha chui. Ekipe yetu ya taifa ya kabumbu inaitwa Léopards. Na Mobutu alivaa kofia ya ngozi ya chui mpaka dunia nzima ikaijua. Chui tunamupenda sana, lakini zaidi akiisha kufa.

Leo tuongee juu ya mitego na ngozi. Wengine watasema: vita iko, shomeri iko, na wewe na diplome yako unatuletea habari ya nyama ya pori? Ndiyo. Juu ni hapo tunaona vizuri namna sheria inatembea katika inchi hii: inashuka kwa mudogo, haipandi kwa mukubwa.

Sheria hazikosekani. Ile ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982. Ile ya kulinda mazingira ya asili ni ya tarehe 11 Februari 2014. Kuna wanyama wanaolindwa kabisa, kuna wanaolindwa nusu, kuna na wengine. Kuwinda kunaomba ruhusa, na kuna majira ya kufunga. Ndani ya parke ya taifa kama Virunga, hakuna kutega hata kidogo. Okapi analindwa tangu 1933. Chui yuko kwenye orodha ya kwanza ya CITES, mapatano ambayo inchi yetu iliingia 1976: kuvusha ngozi yake mupaka kwa biashara kumekatazwa.

Lakini hayo yote yameandikwa kwa Kifaransa. Nani aliyasoma kwa Kiswahili ku soko ya Mambasa ao ya Komanda? Baba wa kijiji anachukua kablo ya freni ya kinga, anafunga mutego, anatafuta mboloko ya kulisha watoto. Kablo haina macho. Mboloko akipita inakamata, okapi akipita inakamata, chui vilevile. Mnyama mwenye kuingia ndani ya nyavu ya Bambuti, mutu anaweza kumuachilia. Kablo inakata muguu mpaka mufupa wakati mwenyewe amelala kwake. Katika Hifadhi ya Okapi kule Epulu, iliyoundwa 1992, kuna sehemu ambamo uwindaji wa asili wa kutafuta chakula unakubaliwa, lakini okapi hapana. Tofauti hiyo, nani aliielezea wananchi?

Halafu kuna bariere. Mudogo ananyanganywa nyama, anatoa makuta, risiti hakuna. Yule aliyemutuma kutafuta ngozi anapita na jeep. Na siku ya sikukuu, mukubwa anasimama mbele ya kamera, ngozi ya chui mabegani. Hakuna anayemuuliza imetoka wapi.

Hatusemi desturi zitupwe. Ngozi ambayo mwami aliirithi kwa babu yake ni urithi: iandikwe, ijulikane. Lakini ngozi mupya ni chui mwengine aliyekufa.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu:

1. Orodha ya wanyama wanaolindwa na tarehe za kufunga uwindaji zitangazwe kwa Kiswahili, Lingala na lugha za vijiji, ku radio, ku soko na ku ofisi za bachefu.

2. Kila faini itoke na risiti, na kila mutu aliyekamatwa na ngozi aulizwe: mununuzi ni nani? Upelelezi ufuate mununuzi mpaka kwake.

3. Viongozi waache kuvaa ngozi mupya, ao waonyeshe karatasi yake.

Na siye vijana wa muji? Mununuzi ni siye pia. Mukufu wa meno ya chui, mushipi wa ngozi, nyama ya okapi kwa bei yoyote: tukatae. Bila mununuzi, ngozi haina bei.

Chini ya kile kichwa cha chui kumeandikwa maneno matatu: Haki, Amani, Kazi. Haki ndiyo inatangulia. Tuanzie hapo.

Mapambano yanaendelea.