Mali Bila Daftari: Maneno Juu ya Mzee wa Gari la Moshi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Sumbawanga)



Tulipoombwa kusema maneno machache juu ya mambo ya kale na faida yake kwa watumishi, tulifikiri kwanza kwenda kutafuta vitabu. Kisha tukaona ya kuwa kitabu tunacho jirani, nacho hukaa barazani kila jioni na blanketi mabegani, maana baridi ya Ufipa ninyi mwaijua. Ni mzee aliyekuwa dereva wa gari la moshi, naye sasa amepita miaka themanini. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa mwenyewe hakupenda. Tutamwita Mzee tu.

Wako vijana wanaomcheka. Husema, "Sumbawanga hapana reli, wala haijapata kuwapo. Huyu aota nini?" Ni kweli, reli haikupanda kwetu. Reli ya kati, iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Kigoma mwaka 1914. Tawi litokalo Kaliua liliishia Mpanda, kwa ajili ya machimbo ya risasi. Nayo TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, yapita Tunduma na kuingia Zambia. Basi Ufipa una reli kaskazini na kusini, wenyewe haukuguswa.

Lakini mtu hutembea hata pale reli isipofika. Mwaka 1964 Mzee, akiwa kijana, aliteremka kwa miguu hata Kasanga, akapanda meli ya Liemba kwenda Kigoma. Na meli hiyo nayo ni mtoto wa reli. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, kisha ikachukuliwa kwa reli kwenda Ziwa Tanganyika. Ilishushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha walizipaka injini zake grisi. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mzee husema kwamba aliyepaka grisi ile alikuwa fundi wa kweli, maana aliitunza mashine hata siku ya kuipoteza.

Toka Kigoma alikwenda Tabora, akaandikwa kazi ya kusafisha injini. Kazi ile ilikuwa matambara, mafuta na masizi, usiku kucha, ili injini iwe tayari alfajiri. Baadaye akawa mtia moto, yaani fayamani kama walivyoitwa, na mwaka 1972 akawa dereva.

Yafaa tueleze kidogo kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wetu twaijua injini ya mvuke kwa picha tu. Siku zake moto ulikuwa wa mafuta mazito, si wa kuni tena. Fayamani alitazama mambo mawili bila kupumzika: moshi na maji. Moshi ukiwa mweusi, mafuta yapotea bure. Maji yakipungua katika kioo chake, hatari yakaribia, kwa maana bati lililo juu ya moto likikosa maji hulainika, na mvuke hulipasua. Kwa hiyo palitiwa kizibo cha risasi, ili kiyeyuke kwanza, mvuke ushuke motoni na kuwaonya watu. Mzee hujisifu kwamba katika miaka yake yote hakupata kuyeyusha kizibo hata kimoja. Twaamini, kwa sababu hata leo hawezi kulitazama birika la chai jikoni asiulize kama lina maji.

Injini zile zilikuwa na majina. Nyingine ziliitwa kwa majina ya makabila yetu, na moja yake, Nyaturu, imehifadhiwa katika makumbusho ya reli ya Nairobi. Zile kubwa za Kenya zilipewa majina ya milima. "Kitu chenye jina," asema Mzee, "hukitupi ovyo."

Siku moja tulimwuliza kwa nini Mfipa, mtu wa ulezi na maharage, alipenda chuma kiasi kile. Alicheka, akatujibu, "Ninyi makarani mmesoma, lakini mmesahau. Chuma ni cha kwetu." Nasi tukanyamaza kwa haya, kwa kuwa ni kweli. Babu zetu walijenga malungu, yaani tanuru ndefu za udongo zilizompita mtu kimo, zikavuta hewa zenyewe bila mivukuto, wakayeyusha mawe ya chuma. Kisha wakakisafisha chuma kile katika tanuru ndogo yenye mivukuto, wakafua majembe. Majembe ya Ulaya yalipojaa madukani, kazi ile ikafa. Waliobaki kuijua walikuwa wazee, na wengi wao walikufa bila kuulizwa neno.

Mzee apenda na mambo mengine ya siku zake. Akisikia Land Rover ya zamani ikipanda kilima hujua kwa sauti tu ni silinda gani inayougua. Husimulia mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, jinsi Bert Shankland wa Tanzania alivyoshinda mwaka 1966, akarudia mwaka 1967, kwa Peugeot 404, gari lile lile lililokuwa likibeba abiria na kuku katika barabara zetu. Na akiingia katika habari za dansi, usiku huwa mfupi. Huhesabu bendi kwa stesheni: Morogoro palikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, Tabora palikuwa na Kiko Kids na Tabora Jazz. Watu wa reli walipomaliza zamu walioga, wakavaa suruali zilizopigwa pasi, wakaenda kucheza kwa adabu.

Wanachama wenzetu, tusije tukadhani kwamba kila kilichopita kilikuwa chema. Mzee mwenyewe hasemi hivyo. Joto la injini lilimharibu macho, na kishindo chake kilimpunguzia masikio. Tena alikuta wazee Waafrika waliokuwa wametia moto maisha yao yote bila kupewa usukani, kwa kuwa siku za ukoloni kiti kile kiliwekwa kwanza kwa wengine. Asichokisahau si raha. Ni utaratibu: kwamba kila safari iliandikwa, saa ya kuondoka, saa ya kufika, namba ya injini, na jina la mtu aliyewajibika.

Na hapa twafika kwenye jambo lililotufanya tusimame mbele yenu leo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na shirika la reli la pamoja likafa nayo. Mapatano ya kugawana mali na madeni yalitiwa sahihi mwaka 1984, na mafao ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya yakawa shauri la miaka mingi. Mzee alikuja ofisi moja, ambayo hatutaitaja, na karatasi zake zimefungwa kwa kamba. Jalada lilisema alianza kazi mwaka 1972. Miaka minane ya kusafisha na kutia moto haikuwamo. Karani aliyekaa dirishani alimwambia, "Mzee, njoo kesho." Alikuja kesho, akaambiwa kesho kutwa. Mara ya nne hakusema neno, alituamkia tu sisi tulio wadogo kwa wajukuu zake, kabla hatujamwambia shikamoo. Karani yule, Bwana Mwenyekiti, alikuwa ni sisi.

Jioni ile tulimfuata nyumbani kumwomba radhi. Alitoa kisanduku cha bati, na ndani yake madaftari. Toka siku ya kwanza Tabora alikuwa ameandika kila zamu: tarehe, injini, msimamizi. Tuliyanakili kwa siku tisa, tukapeleka barua. Jibu lilipokuja, miaka mitano ilikubaliwa, na mitatu ilikataliwa, kwa kuwa madaftari ya miaka ile yaliliwa na mchwa. Mzee alisoma, akakunja karatasi, akasema, "Mchwa wamenila miaka mitatu. Na ninyi, mmekula mingapi ya watu wengine?" Hatukuwa na jibu.

Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam hata Dodoma. Tulimwonyesha Mzee picha zake zikitembea. Hakuona wivu. Aliitazama sana, akauliza swali moja tu: "Nani aandika safari?"

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Twadhani hawakusema fedha tu. Miaka ya mtu nayo ni mali. Kwa hiyo twawaomba mambo matatu. Kwanza, kila mmoja wetu amtafute mstaafu mmoja, wa reli, wa meli, wa barabara au wa shule, aandike habari zake angali hai. Pili, tukague majalada yaliyo mikononi mwetu kabla mchwa hawajayakagua. Tatu, neno "njoo kesho" lisitamkwe dirishani pasipo kuandikwa kwa nini.

Malungu yalizimika, na waliojua siri yake wakaenda nayo. Mzee wetu bado yuko barazani. Jumamosi ijayo, Mungu akipenda, twaenda kwake na daftari jipya, na atakayetaka kufuatana nasi na aje, mradi alete kalamu yake mwenyewe.