FUNDI MAKOCHI NAYE APIMWE
(Maneno ya Katibu wa Chama katika mkutano wa wanaushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba.)



Tumepewa nafasi tuseme juu ya mafundi makochi. Mtauliza, mkutano wa korosho, makochi yametoka wapi? Subirini kidogo, tutafika kwenye korosho.

Hapa kijijini wapo vijana wanaovisha makochi pale barabarani karibu na ghala. Mnawajua. Mmoja alikaa Keko, Dar es Salaam, miaka minne akiwabebea watu mbao, akarudi na nyundo, mkasi na ujuzi. Wengine wamejifunza kwake kwa kutazama. Makochi yao yanakwenda Masasi mjini, yanakwenda Newala, na wenye nyumba wanayakalia bila kulalamika. Sasa mwezi uliopita akaja bwana mmoja, kavaa vizuri, akawaambia ipo kazi Uarabuni ya kuvisha viti, mshahara mnono, ila watoe kwanza pesa ya kufungulia faili. Kijana mmoja akataka mikorosho ya baba yake iwekwe rehani. Baba mtu akaja ofisini kwetu, hasemi, anatingisha kichwa tu.

Tulimwuliza yule bwana maswali mawili. Leseni yako ya uwakala iko wapi? Akasema imebaki Dar. Cheti cha ufundi cha vijana hawa umekiona wapi? Akasema hakina haja, cheti atakiandaa yeye mwenyewe. Jamani! Mtu hajakuona hata siku moja umeshika nyundo, halafu anasema atakuandalia cheti cha ufundi wako? Huyo kazi anayoijua ni moja, na si ya makochi.

Kwa hiyo kwanza tushike hili. Kumpeleka Mtanzania kazini nchi za nje si biashara ya kila mwenye begi. Kuna chombo cha huduma za ajira, TaESA, kilichoanzishwa na serikali mwaka 2008. Na mawakala binafsi wamewekewa kanuni zao tangu mwaka 2014, lazima wawe na leseni. Asiyeweza kuionesha leseni, usimpe hata nauli.

Jambo la pili ndilo kubwa, nalo ni cheti. Na hapa ndipo tunaingia kwenye korosho.

Tangu msimu wa 2007/2008 korosho zetu zinapitia stakabadhi ghalani. Mnunuzi anatoka India au Vietnam. Shamba lako halijui, wala hakuona ulivyopuliza salfa, wala hajui kama wewe ni mtu mwaminifu au mtu wa kuchanganya mawe. Anachokiona ni karatasi. Karatasi hiyo imetoka wapi? Pale ghalani korosho zimechukuliwa kidogo kidogo katika magunia, zikapimwa unyevu, zikapasuliwa, zikaonekana ndani, zikapewa daraja. Korosho yaweza kung'aa nje na ndani imeoza. Ndiyo maana inapasuliwa.

Kochi nalo ni hivyo hivyo. Ndugu zetu wachongaji wa vinyago wana bahati: kinyago hakina pa kuficha, mgeni akikishika amekiona chote, ndiyo sababu vinyago vya Wamakonde vimekwenda dunia nzima bila cheti cha mchongaji. Kochi linafunikwa. Mliona pale mbele tulipolifunua lile kochi la mzee wetu. Juu kitambaa cha maua, safi kabisa. Chini yake sponji mbili za unene mbalimbali zimeunganishwa kwa gundi, mikanda imelegea, na upande mmoja wa fremu umefungwa kwa waya. Mlicheka, lakini mzee amelikalia miaka mitatu na mgongo wake unajua. Mtahini wa ufundi anafanya kama sisi tulivyofanya. Anafunua.

Basi upimaji wenyewe ukoje? Wengi wanaogopa wakidhani wataambiwa wakae darasani miaka miwili na watoto. Hapana. VETA, chombo kilichowekwa na sheria ya mwaka 1994, wanao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunza kazini, hata kama hakupita chuo. Unajaza fomu: umefanya kazi hii miaka mingapi, wapi, kwa nani. Unaleta ushahidi, kama picha za kazi zako na barua za watu uliowafanyia. Kisha mtahini anakaa na wewe mnazungumza. Hapo ndipo mafundi wetu wanapokwama, kwa sababu wao wamezoea kuulizwa "bei gani?" na yeye anauliza "kwa nini?" Kwa nini umepanga mikanda hivi? Kwa nini sponji hii hapa na ile pale? Halafu unafanya kazi mbele ya macho yake. Penye pengo unaambiwa, unafundishwa kile kilichopungua, si yote tangu mwanzo.

Ila mtu asiende Mtwara au Lindi kwa nauli ya bure. Auliziwe kwanza kama kuvisha viti kunapimwa peke yake au kunawekwa chini ya useremala au ushonaji, maana kazi hii ina miguu yote miwili, fremu na kitambaa. Hapa karibu tunavyo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, Masasi na Newala, watu waanze kuulizia huko.

Tuseme pia juu ya madaraja, maana yanachanganya. Zamani majaribio ya ufundi yalianza Daraja la Tatu, fundi akapanda mpaka la Kwanza. Ngazi za siku hizi zinahesabiwa kinyume: unaanza ya kwanza unapanda kwenda ya tatu. Basi mzee mwenye Daraja la Tatu la zamani asije akajitapa kwa kijana!

Wako wanaosema mtu mzima kupimwa ni aibu. Aibu gani? Mwaka 1975 wazee wa nchi hii, wakulima watupu, walikaa kwenye mtihani wa taifa wa kisomo, wakapewa ngazi, ya kwanza mpaka ya nne. Mama zetu walikwenda na watoto mgongoni. Mbele ya hapo babu zetu walikwenda mkonge Tanga, wakipewa kipande. Kipande kile kilihesabu siku 30 za kazi, basi. Hakikusema huyu anajua kitu gani. Mtu alikaa miaka kumi kwenye mkonge, akajua mashine yote, akarudi kijijini na karatasi ileile ya siku zake. Tunataka vijana wetu wakitoka watoke na karatasi inayosema wanachokijua.

Lakini tusidanganyane: cheti cha VETA si tiketi ya ndege. Kila nchi ina mzani wake. Australia fundi wa kuvisha viti anapimwa upya chini ya shirika la serikali yao, Trades Recognition Australia, wanaotaka ushahidi wa miaka ya kazi. Tena huko kuna shirika linaitwa VETASSESS. Jina linafanana na VETA lakini si ndugu, msije mkapeleka fomu za huku kule. Ujerumani tangu mwaka 2012 wana sheria ya kulinganisha vyeti vya nje na vya kwao, na mtu ambaye karatasi zake hazitoshi anaweza kuambiwa aoneshe kazi kwa mikono. Uingereza tangu mwaka 1988 wana kanuni za moto kwa viti vya majumbani: sponji na kitambaa lazima vishinde jaribio la moto, maana sponji ikiungua moshi wake unaua kabla moto haujafika. Fundi wetu amewahi kuulizwa habari ya moto? Hajaulizwa. Huko ataulizwa. Cheti cha nyumbani ni jiwe la kwanza la msingi, na asiye nalo hana pa kusimamishia mengine.

Sasa kuna jambo dogo ambalo ndilo linaloangusha watu wengi. Majina. Kwetu mtoto anazaliwa na jina, akitoka jandoni ana jina lingine, akienda kanisani au msikitini lingine, na mtaani wanamwita Chogo. Kitambulisho cha taifa kinasema hivi, cheti cha kuzaliwa kinasema vile. Mtahini ataandika jina lililo kwenye fomu, na Uhamiaji wataandika lililo kwenye kitambulisho. Yakipishana herufi moja tu, umekwama. Kwa hiyo kabla ya kujaza fomu yoyote, karatasi zote ziwekwe mezani pamoja zisomwe.

Mzee mmoja aliuliza swali zuri: tukiwapa vyeti si wataondoka wote, na mikorosho nani ataipalilia? Tunamjibu kwa heshima. Wanaondoka hata sasa, mzee wetu, wengine usiku. Anayeondoka kwa mlango wa nyuma hapati hata mahali pa kushitaki akinyimwa mshahara, wala sisi hatujui yuko wapi. Na cheti hakimfai aliyesafiri peke yake: mwenye hoteli Mtwara anayetaka viti arobaini naye atapenda kuona karatasi. Upande huu tunakiri ni kweli kwamba mmoja au wawili hawatarudi. Hatuna kamba ya kuwafunga.

Tunachoomba ni hiki. Ushirika uwakopeshe mafundi ada ya kupimwa, bila riba, warudishe kwa makato ya korosho za msimu ujao, na baba au mama atie sahihi pamoja na kijana. Asiye na korosho aje na mdhamini mwanachama. Pesa isipite mkononi mwa kijana wala mwa wakala, ilipwe moja kwa moja chuoni na risiti ibaki kwenye jalada la ushirika. Kura zitapigwa mkutano ujao, watu wakafikirie nyumbani.

Na darasa letu la elimu ya watu wazima limekwisha kuanza bila kungoja kura. Jumatano jioni tunasoma futi kamba: sentimita, nusu mita, na hesabu ya kitambaa cha kochi la watu watatu bila kubakiza wala kupungukiwa. Fundi aliyekaa Keko anafundisha hesabu ya kitambaa, sisi tunafundisha kujaza fomu. Aje na kalamu, kitambulisho, na karatasi yoyote yenye jina lake, hata kadi ya kliniki ya utotoni.