Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda

Leo nataka kusema nanyi habari za tumbo, na za ini lililo jirani yake. Hapana mtu asiyepata kuumwa na tumbo, na kwa hiyo kila mtu ana maneno yake juu ya jambo hili. Lakini liko neno moja lililoenea mno katika mji wa Dar es Salaam, nalo ni "vidonda vya tumbo". Nenda Mchafukoge, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja ukitoka Kariakoo, ukae kitako katika benchi la zahanati yo yote. Utawasikia watu wanne wakisema neno hilo hilo, na huenda kila mmoja ana ugonjwa wake mbali kabisa. (Jina la mtaa wenyewe, ukilisikiliza vizuri, utasikia ndani yake mchafu na kukoga, si jina baya kwa mazungumzo ya afya.)

Tuseme wa kwanza ni mchukuzi wa mizigo wa Kariakoo. Kutwa huchukua magunia, na usiku mgongo humwuma. Basi hununua dukani vidonge vya kutuliza maumivu, diklofenaki au asipirini, akavimeza asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Miezi ikipita, huanza kuchomwa kwenye chembe cha moyo. Daktari humwuliza, "Ndugu yangu, choo chako kina rangi gani?" Naye huona haya kujibu. Lakini swali hilo si la upuzi hata kidogo. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na kunuka vibaya, ni damu iliyovuja juu, ikageuka rangi njiani. Mtu wa namna hiyo haifai kurudi nyumbani na chupa ya dawa nyeupe. Apelekwe hospitali siku ile ile. Ila wanaokunywa vidonge vya madini ya chuma, kama vile wajawazito, choo chao huwa cheusi bila ya hatari, na ndiyo sababu daktari huuliza na hilo pia.

Huyu kweli ana vidonda. Zamani, hata waganga wakubwa wa Ulaya walidhani ya kuwa vidonda huletwa na fikira nyingi na chakula chenye ukali. Mwaka 1982, katika mji wa Perth nchini Australia, madaktari wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walimpata kijidudu aishiye ndani ya tumbo, palipo na asidi kali. Jina lake ni Helicobacter pylori. Watu hawakusadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alikunywa maji yaliyojaa vijidudu hao, na baada ya siku chache akaugua tumbo kama alivyotaka! Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Kwa hiyo leo twajua ya kuwa vidonda vina sababu mbili kubwa, kijidudu huyo na vidonge vya maumivu. Kijidudu hupimwa katika choo au katika pumzi. Dawa zake kwa kawaida ni mbili za kumwua, pamoja na moja ya kupunguza asidi, nazo hunywewa kwa siku 14. Mtu akizinywa siku 4, akaona nafuu, akaacha, kijidudu husalia, tena amekwisha zizoea.

Wa pili ni mama ntilie. Yeye haumwi akiwa na njaa. Huumwa baada ya kula vitu vya mafuta, chini ya mbavu za kulia, na maumivu humpanda mpaka begani. Daktari huweka vidole hapo, akamwambia, "Mama, vuta pumzi." Pumzi ikikatika ghafula kwa maumivu, daktari hushuku mfuko wa nyongo, ambamo huweza kuwamo mawe. Kipimo cha mawimbi ya sauti huyaonyesha. Dawa ya vidonda haitayayeyusha, hata akiinywa mwaka mzima.

Wa tatu ni kijana aliyekulia Ukerewe, katika Ziwa Viktoria. Hana maumivu makubwa, lakini jana alitapika damu nusu ya bakuli. Daktari humlaza chali, akapapasa ubavu wa kushoto, na hapo hukuta wengu lililovimba. Tena humwuliza, "Ulikuwa ukioga ziwani?" Kichocho cha tumbo huanza katika maji hayo. Mayai ya minyoo hukwama katika ini kwa miaka mingi, ini likafanya makovu, na damu ikikosa njia hujaza mishipa ya koo la chakula mpaka ipasuke. Huyu hupelekwa upesi penye hospitali kubwa, kama Muhimbili, ambayo asili yake ni hospitali ya Sewa Haji ya mwaka 1897. Huko mpira mwembamba wenye taa hupitishwa kinywani, na mishipa ile hufungwa.

Hapa niseme kidogo juu ya taifodi, kwani nalo ni neno litajwalo ovyo. Kipimo cha Widal, kilichobuniwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, hutafuta katika damu alama za mwili kupigana na vijidudu. Lakini mtu aliyeugua zamani, au aliyeugua maradhi mengine, huweza kuonekana nazo. Karatasi moja ya Widal haitoshi kumfanya mtu mgonjwa wa taifodi. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha vijidudu vyenyewe kutoka katika damu.

Wa nne, macho yake ni ya manjano na mkojo wake ni kama chai ya rangi. Jirani zake wamekwisha mwambia ana homa ya manjano. Hilo ni jina la ugonjwa mwingine, uletwao na mbu. Umanjano ni dalili tu kwamba nyongo haikupata njia yake, au damu inavunjika, au ini limeumia. Homa ya ini iko ya namna nyingi. Aina ya A na ya E huletwa mara nyingi na maji na chakula kichafu, na wengi hupona wenyewe, ingawa ya E ni hatari sana kwa mjamzito. Aina ya B haiambukizwi kwa kula sahani moja. Hupita katika damu, katika kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto azaliwapo. Virusi vyake viligunduliwa kwa kazi iliyoanza mwaka 1965 ya Baruch Blumberg, Mmarekani, na tangu mwaka 2002 watoto wa Tanzania huchanjwa. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo yafaa apimwe. Akionekana navyo, asikate tamaa wala asitengwe. Apimwe tena baada ya miezi 6, kwani wengine huvitoa wenyewe, na wengine huhitaji dawa ya kila siku.

Tena iko sumukuvu, itokayo katika mahindi na karanga zilizoota ukungu. Mwaka 2016 iliwaua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mwenye virusi vya B akila sumu hiyo mara kwa mara, hatari ya saratani ya ini huongezeka sana. Kuipika hakuiondoi. Karanga iliyokunjamana na kugeuka rangi, uitupe, hata kama umeinunua kwa fedha yako.

Siku uendapo kwa daktari, chukua pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile za kuomba kwa jirani. Ikiwa umekunywa mizizi, sema ni mti gani na kwa siku ngapi. Hakuulizi ili akushitaki wewe au mganga wako. Ini ndilo lipokealo kila kitu kipitacho kinywani, na dawa mbili zisizojuana huweza kukutana humo zikaliumiza.